Gari la Kwenda Mkange

Mwalimu wangu wa fizikia alikuwa na gari moja, mke mmoja na mpango mmoja, na kwa miaka mingi niliyomjua vitu hivyo vitatu havikuwahi kukutana. Gari lilikuwa Bagamoyo, uani kwake, limekaa juu ya magogo. Mke alikuwa Mkange. Mpango ulikuwa ukutani.

Nikisema ukutani nina maana ya ukuta wenyewe. Ule wa uani uliopakwa chokaa, kuanzia mlango wa jiko hadi kwenye tangi la maji, aliujaza michoro ya mkaa: springi, mishale, pembe, namba zenye nukta, na namba zilizofutwa zikaandikwa upya juu ya vivuli vyake. Mimi si mtu wa kutia chumvi, lakini wallahi kuku wa jirani walikuwa wakifika pale wanapunguza mwendo, wanasoma. Idi ikikaribia, watu wakapaka chokaa nyumba zao, yeye alipaka kuta tatu na wa nne akauacha.

"Mwalimu, na huu?" nilimuuliza mwaka wa kwanza.

"Huo bado unafanya kazi."

Huyo ndiye ninayetaka kumwandika. Alizaliwa wapi na babu yake nani, waulizeni wanaojua. Mimi nilimkuta tayari mstaafu, ana kofia ya viua, kalamu mbili mfukoni na mkaa kwenye kucha, na nilimkuta darasani.

Wakati huo nilikuwa najaza watu mafuta kituoni, kwenye barabara ya Msata. Shule yangu ilikuwa imekatikia darasa la saba. Nikajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima nikiwa na miaka thelathini na tatu na ndevu zinazotosha walimu wawili. Tulikuwa kumi na mmoja. Kulikuwa na askari mstaafu aliyesinzia kwa nidhamu, mgongo umenyooka, na mama mmoja wa samaki wa kukaanga ambaye akiingia tu darasa zima linasikia njaa. Mwalimu alitufundisha bure. Alisema nyumbani kwake kuna ukimya mwingi kuliko unaohitajika, akaishia hapo.

Darasani alikuwa mtu wa haraka. Ukikwama kwenye desimali ya tatu alikuwa anagonga meza kwa kifutio. "Kadiria, uendelee! Nani kakuambia daraja linajali desimali ya tatu? Kadiria!" Nami nilikadiria. Nilikadiria mpaka nikafaulu fizikia, jambo lililowashangaza ndugu zangu kiasi kwamba shangazi alikuja kutoka Kaole kukiangalia cheti kwa macho yake, akakigeuza nyuma na mbele kama noti ya bandia.

Sasa mtu huyohuyo, ukimkuta uani kwake, alikuwa mwingine kabisa. Pale hakukadiria hata umbali wa kwenda kisimani.

Gari lake lilikuwa la yale yanayoitwa ya porini, ila mbele lilikuwa na miguu laini: kila tairi lina mkono wake na viungo vyake, linapanda na kushuka kivyake. Mpango ulikuwa kung'oa vyote hivyo na kuweka difu ya mbele ya kipande kimoja, yaani chuma kimoja kutoka tairi la kulia hadi la kushoto kama ilivyo nyuma. Halafu gari zima likalishwe juu ya springi za mabapa kama za lori na kuinuliwa inchi sita. Kwa mafundi wa Dar hiyo ni kazi ya wiki mbili na kelele nyingi. Kwa Mwalimu ilikuwa ni somo lisilo na kengele.

Alitueleza siku moja darasani, kwa mikono. "Sasa hivi tairi la kulia likitumbukia shimoni, la kushoto halina habari. Chuma kikiwa kimoja, huyu akiumia, yule anajua."

Mama wa samaki akainua mkono. "Samahani, Mwalimu. Hiyo ni fizikia au ni ndoa?"

Tulicheka mpaka askari akaamka. Mwalimu hakucheka. Aligeukia ubao akafuta kwa bidii sehemu ambayo haikuwa imeandikwa kitu.

Habari ya mkewe ilijulikana mtaani, naye hakuificha. Alikwenda kwao Mkange kumuuguza mama yake. Mama akafariki, shamba la korosho na mananasi likabaki bila mtu, naye akabaki nalo "kwa muda". Hakuacha wala hakuachwa. Ulipofika wakati wa kumrudisha ilikuwa masika, na Mwalimu akaenda kumchukua kwa gari. Kabla ya kijiji kulikuwa na kipande cha udongo mweusi, ule ambao ukinyeshewa unashika kama ubani. Gari likazama, kiungo cha mbele kikakatika. Alikuwa karibu kiasi cha kuyaona mabati ya nyumba ya wakwe zake. Trekta iliyokuja kumnasua ilitokea nyuma, ikamvuta kinyumenyume hadi kwenye ardhi ngumu. Kwa hiyo aliondoka Mkange akiwa ameitazama, ameshika usukani usio na kazi, na watu wamejipanga pembeni wanaangalia.

Mkewe alimpigia simu siku hiyohiyo. Panda pikipiki uje, alimwambia, tutarudi wote hivyohivyo. Akakataa. Alisema hatamtoa mke wake kwao amepakiwa kwenye bodaboda kama furushi. Atakuja kwa gari, na gari litafika, masika au kiangazi.

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ukuta.

Tangu hapo walizungumza kwa simu kila Ijumaa baada ya sala. Niliwahi kuwapo mara nyingi, nikasikia upande mmoja.

"Alhamdulillahi. Nimemaliza pembe ya kulia... Ndiyo... Ya kushoto bado... Wewe hujambo? ... Hapana, nyuzi tatu, si nne. Nikiweka nne usukani utakuwa mzito... Ndiyo... Haya. Na korosho?"

Kisha alikuwa anabaki ameishika ile simu kifuani, halafu anakwenda ukutani kufuta kitu.

Alikuwa na tabia za mtu anayekaa peke yake ambaye hajakubali kwamba anakaa peke yake. Chai alipika birika zima. Akisikia hatua nje ya geti alikuwa anaita, "Karibu, subiri kidogo nikuonyeshe kitu," hata hajajua ni nani. Alimshika hivyo msoma mita za maji, akamshika muuza kahawa, na kuna mgeni mmoja alikuwa anatafuta nyumba ya pili tu, akatoka pale baada ya saa nzima anajua kwa nini bomba la breki linatakiwa kurefushwa gari likiinuliwa. Gari la mtu mwingine likiharibika alikuwa analitengeneza kabla chai haijapoa. Mtaa mzima ulikuwa unatembelea mikono yake, na gari lake liko juu ya magogo.

Jambo la difu ya mti nalisimulia kila ninapopata watu watatu wa kunisikiliza. Kabla ya kutafuta difu ya chuma, Mwalimu alitaka kwanza kujaribu kama itaenea chini ya gari bila kugusa injini. Fundi wa kawaida angetumia boksi au bomba bovu. Yeye alikwenda kwa mzee anayechonga milango ya nakshi mjini kwetu, akamwagiza difu nzima ya mbele kwa mti wa mvule, kipimo kamili, na lile bonge la katikati na kila kitu.

Mchonga milango alikaa nayo mwezi mmoja. Tulipokwenda kuichukua, tulikuta ameifunika kwa shuka kama bibi harusi. Akaifunua. Vipimo vilikuwa sawasawa, ila kutoka mwisho hadi mwisho alikuwa ameichonga maua: mayungiyungi, mnyororo, tende, na kwenye bonge la katikati nyota kubwa.

"Mzee mwenzangu," Mwalimu alisema taratibu, "hii inakaa chini ya gari."

"Najua."

"Kwenye matope."

"Ulitaka nikupe mti mtupu? Nitaonekanaje?"

"Nani ataiona?"

"Mimi nimeiona," mchonga milango akasema, akaanza kuifunika tena, amekasirika. Ilibidi tumbembeleze nusu saa ndipo atupe.

Tuliibeba watu wanne kupitia mjini, na mbele ya nyumba moja wanawake walipiga vigelegele, wakidhani ni kizingiti cha mlango wa harusi. Ilipoingizwa chini ya gari ilienea barabara. Mwalimu alilala pale chini akiitazama mpaka adhana ya magharibi. Nilipomwambia basi sasa tutafute ya chuma, alisema bado kuna swali la pembe.

Ya chuma ilitafutwa Chalinze, nyuma ya maegesho ya malori, kwa jamaa mmoja anayekata magari mabovu. Nilimsindikiza mara nyingi, na nadhani difu saba alizikataa. Sababu ilikuwa ya kweli: bonge la katikati lazima likae upande uleule ambao mhimili kutoka gia boksi unatokea, na nyingi zilikuwa na bonge upande usiofaa. Lakini hata zilizokuwa sawa alizipata na dosari. Moja ilikuwa na kutu, nyingine ilikuwa safi mno, akaitilia shaka.

"Mzee," muuza vyuma alimwambia siku alipoikataa ya saba, "mimi nimeoa wanawake wawili tangu uanze kuja hapa. Wewe hata difu hujachagua?"

"Haraka zako ndizo zimekupa wawili," Mwalimu akajibu, na watu wa malori wakamshangilia kama mchezaji mpira. Tukarudi mikono mitupu. Ndani ya basi alikuwa amefurahi njia nzima. Nilianza kuelewa hapo, ingawa sikutaka kuelewa.

Kisha mwaka mmoja nilipelekwa Saadani kikazi, kupeleka mafuta ya boti kwa wavuvi, na kurudi nikapitia Mkange. Nikauliza nyumba, nikaonyeshwa. Nilimkuta mama mnene kidogo, mchangamfu, amekaa kwenye mkeka anabangua korosho, vidole vyeusi kwa utomvu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi na jua hili?"

Nilipotaja mji na jina la heshima la mumewe aliacha kubangua. Alinipa maji, alinipa nanasi, alinipa mihogo. Aliuliza kama anakula, kama kile kikohozi kimeisha, kama paa la jikoni bado linavuja. Kuhusu gari hakuuliza. Nikaona nimtetee mwalimu wangu, nikaanza kueleza habari za difu na springi na nyuzi tatu, na ya mvule nikaitia na maua ambayo haikuwa nayo.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwambie hivi. Kiangazi hiki njia imekauka. Mkokoteni unafika. Mbuzi wanafika. Hata wewe umefika."

"Nitamwambia, mama."

"Mwambie na umri wangu. Anaujua, lakini mwambie."

Nilimfikishia neno kwa neno. Tulikuwa tumesimama mbele ya ukuta. Akaniambia nilikuwa nimekosea kupita kwa watu bila kutumwa, na wiki mbili hakunijibu salamu zaidi ya ile iliyo wajibu. Lakini wiki ya tatu alikwenda Chalinze peke yake, akarudi na difu ya chuma kwenye lori la mtu. Hakusema ilikuwa na dosari gani.

Kuanzia hapo alifanya kazi kama aliyechelewa mtihani. Fundi wa kuchomelea alikuja na cheche zake zikaruka mpaka nyumba ya tatu. Masikio ya kushikia springi yakachomelewa kwenye chesisi, fimbo ya usukani ikapindwa upya, mabomba ya breki yakarefushwa. Siku gari liliposhushwa kutoka kwenye magogo, mtaa mzima ulitoka. Lilikuwa juu, bwana! Si uongo mkubwa nikisema paka wa msikitini alipita chini yake na mkia ameusimamisha, wala hakuinama. Sita zile zilikuwa zimezaa: inchi sita za springi, mbili za matairi mapya makubwa, na moja ambayo Mwalimu mwenyewe alisema hajui imetoka wapi. Mpango ulikuwa umechukua miaka sita kamili.

Aliniomba nifuatane naye. "Uwe shahidi," alisema. Tuliondoka Jumamosi baada ya alfajiri. Mimi nilikaa nyuma, kwa kuwa kiti cha mbele kilikuwa na mwenyewe.

Njia nzima alisikiliza gari kama daktari. Tukavuka Wami, tukaikaribia Mkange, na hapo tukaanza kukuta mashine za barabara, milima ya kifusi, vijana wenye bendera. Kile kipande cha udongo mweusi kilikuwa kimefukiwa na kushindiliwa. Mwalimu alisimamisha gari. Akashuka kwa kujishika mlangoni, akapiga teke ardhi. Ilikuwa ngumu kama sakafu ya benki. Akiwa bado amesimama, kigari kidogo cha teksi kilitupita, kimejaa watu na magodoro juu, dereva akatupungia.

"Wameiharibu," Mwalimu akasema.

Akarudi kwenye usukani, tukaendelea.

Mkewe alikuwa ameambiwa kwa simu. Tulimkuta amesimama mbele ya nyumba, amevaa baibui jipya, begi moja miguuni na kapu la mananasi. Majirani walikuwa wamejaa. Watoto walipoliona gari walipiga kelele kama limetoka angani. Mwalimu hakuzima injini. Alimtazama kutoka kule juu.

"Umefika," mkewe akasema.

"Nimefika."

"Limekuwa refu."

"Linapita popote," alisema. "Panda."

Mama akazunguka upande wa pili, nikamfungulia mlango. Sakafu ya gari ilikuwa usawa wa kiuno chake. Akashika mlango, akainua mguu wa kulia, ukafika nusu. Akaushusha, akajaribu wa kushoto, ukafika chini ya hapo. Nikaona anavyouma meno. Miaka sita ni mingi kwa goti la mtu anayekaa mkekani akibangua korosho. Mtu akaleta kigoda, akapanda juu yake, kikayumba, tukamdaka. Wanaume wawili wakajitolea kumwinua.

"Sibebwi," akasema. "Sibebwi mimi kwenye gari la mume wangu, mbele za watu."

Akapumua. Akarudi upande wa dereva, akainua uso.

"Hili gari ulilijenga kwa ajili ya nani?"

Mwalimu alifungua mdomo. Nimemwona akijibu maswali ya kila aina, ya nuru, ya sauti, ya kwa nini mbingu haianguki. Kwa hili alirekebisha kofia tu.

"Mimi siwezi kupanda," mkewe akasema, sasa kwa upole. "Basi shuka wewe."

Injini ikazimika. Mwalimu akashuka, mguu huu, mguu huu, mpaka chini. Akasogea hadi mbele yake. Halafu, mbele ya majirani wote, mzee yule akapiga magoti mavumbini. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema "Masikini!" kwa sauti ya kulia, na mimi mwenyewe macho yalishaanza kunisaliti.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa utepe wa kupimia, akaushika chini kwa kidole gumba na kuuvuta hadi kwenye goti la mkewe.

"Inchi kumi na nane," akasema. "Sasa inua taratibu. Mwisho wake ni wapi?"

Mkewe akamtazama kofia kutoka juu. Akainua mguu, taratibu, kwa adabu, mpaka ulipokataa. Akasubiri asomewe. Kisha akaurudisha chini.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo. Nikitoa mabapa mawili kila upande, na kidaraja cha kukanyagia hapa ubavuni..."

"Ukimaliza, chai iko ndani."

Akachukua begi lake mwenyewe, mimi nikachukua kapu, tukaingia. Watu walitawanyika mmoja mmoja, wakigeuka nyuma. Mama alimimina vikombe vitatu, akapanga mihogo, akakaa kwa shida, mguu mmoja ameunyoosha. Kupitia mlangoni Mwalimu alionekana bado pale chini, karibu na tairi la mbele, anaandika kwenye kiganja.

"Nimwite, mama?"

"Mimi nimemwita miaka sita. Jaribu wewe."

Nikasimama kizingitini. "Mwalimu! Chai inapoa!"

Aliinua mkono wenye kalamu, bila kugeuka, kama anavyomnyamazisha mwanafunzi aliyeuliza kabla mfano haujaisha.